Dhamanani, Nchi ya Magari Yasiyoharibika

Waliofika Dhamanani ni wachache, na waliorudi kutoka huko wakiwa ndani ya gari ni wachache zaidi. Mimi nilirudi kwa miguu. Nilivyokwenda hakuna haja ya kukueleza. Njia ina vumbi kama njia zote. Nitakueleza kwa nini nilikwenda. Hapa kwetu wauzaji wa magari walikuwa wamenichosha masikio. Kila mmoja ananiambia: zamani waranti ilikuwa miaka miwili, mzee Shomari, leo tunakupa saba, kwa hiyo ujue magari yameboreka. Mimi nimeendesha malori ya pamba tangu ndevu hazijaota, na sikumbuki lori hata moja lililosoma waranti yake kabla ya kuzimika mlimani. Lakini nikasikia iko nchi ambako waranti inafika miaka ishirini, thelathini, hata milele. Nikasema, haya, huko lazima magari yawe yametengenezwa kwa chuma cha peponi. Ngoja nikaone kwa macho yangu, nikirudi niwaombe radhi wauzaji.

Kwenye lango la mpaka nilikuta gari jipya linang'aa, limekaa katikati ya njia, na askari ameketi kwenye kivuli chake anakula muhogo.

"Afande," nikamwambia, "hilo gari limeharibika, lisogezeni watu wapite."

Loo! Mwanamke aliyekuwa akiuza karanga aliziba masikio. Askari akaweka muhogo chini, akanitazama kwa huruma.

"Una bahati wewe ni mgeni," akasema. "Nchi hii gari lenye waranti haliharibiki. Ni sheria."

"Mbona halitembei?"

"Limepumzika."

"Tangu lini?"

"Nilipoajiriwa nililikuta limepumzika."

Akanipa maji kwenye kikombe nisukutue mdomo kwa neno chafu nililolitoa, kisha akanitaka nitamke "limepumzika" kwa sauti mpaka aridhike. Nikasukutua, nikatamka. Hasira ninazo, lakini wazimu sina. Ndipo akanionyesha nafasi ya kupita, pembeni, mtaroni.

Mji wao mkuu unaitwa Ahadini. Kila nyumba ina gari mlangoni, limeoshwa, limepakwa mafuta, na barabara zimejaa watu wanaotembea kwa miguu. Mwenye safari ya heshima, kama harusi au kesi, hupelekwa na gari lake kwa maana kwamba yeye hukaa ndani na majirani waliovaa suti hulisukuma kwa nyuma. Waranti hubandikwa kwenye kioo cha mbele, ndiyo sheria, kwa maandishi yanayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Miaka ikiongezwa, karatasi nyingine hubandikwa pembeni ya ile ya kwanza. Kwa hiyo magari yenye heshima kubwa hayana tena kioo cha kuonea mbele, na dereva wake hutoa kichwa dirishani kama mbuzi aliyepakiwa kwenye pikapu. Watu wakikutana barabarani mmoja huuliza, "Dhamana yako?" na mwenzake hujibu, "Ingali hai." Na jina la mtu halikamiliki bila miaka ya gari lake.

Mwenyeji wangu alikuwa Mbaruku wa Miaka Ishirini, muuza magodoro, mtu mkarimu na mwepesi wa kucheka. Alikuwa anagombea uenyekiti wa mtaa, na kisheria hakuna anayeruhusiwa kugombea kama waranti ya gari lake haijafika miaka ishirini. Mkewe aliitwa Kidawa, na ujauzito wake ulikuwa umebakiza siku za kuhesabu. Mwanamke huyu hakuwa na maneno mengi. Siku niliyofika alinitengea wali, akaketi mbali kidogo akijipepea kwa ukingo wa kanga.

"Shemeji," akaniambia, "hospitali iko nyuma ya Kilima cha Matofali. Mimi sitaki uenyekiti wala sitaki miaka. Ninachotaka ni kufika kule kabla mtoto hajatoka. Basi."

"Si mna gari?" nikasema.

Akanitazama, kisha akamtazama mumewe, akainuka kuondoa sahani.

Mbaruku yeye alifurahi kuulizwa habari za gari. Akanitoa nje kunionyesha, akipitisha kiganja juu ya zile karatasi kwenye kioo kama mtu anayepapasa kichwa cha mwanawe.

"Kaka Shomari, hili lilikuja na mwaka mmoja tu," akasema. "Mwaka mmoja! Likapumzika darajani, wakatuongezea miaka miwili. Likapumzika siku ya harusi yetu, mbele ya watu wote, wakatupa mitatu. Likapumzika sokoni, tukapata minne."

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Unasema likizimika mnaongezewa?"

"Likipumzika. Ndiyo. Serikali haiwezi kumwacha mtu na huzuni. Gari likipumzika unafidiwa kwa miaka."

"Hawalitengenezi?"

"Litengenezwe lina nini? Lina waranti! Na mtu akifungua boneti, waranti inakufa palepale."

Nikamwonyesha karatasi moja iliyokuwa pana kuliko zote, katikati kabisa ya kioo. Hii je? Mbaruku akashusha sauti, akatazama dirisha la jikoni.

"Hiyo ni kumi," akasema. "Kwa mkupuo. Ilikuwa wakati wa uzazi wetu wa kwanza. Lilipumzika pale kilimani, na mtoto... basi, hatukumpata. Lakini hakuna mtu mtaani aliyewahi kupewa kumi kwa mara moja. Hata Msajili Mkuu mwenyewe alikuja kutupa mkono."

Alivyolisema hilo, macho yake yalikuwa na machozi na fahari kwa pamoja, na wallahi sikujua nimkumbatie au nimzabe kofi. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo watu wa nchi nzima hawakulielewa, nalo halihitaji shule: katika Dhamanani, ukiona gari lina miaka mingi ujue limekwama mara nyingi. Wao huisoma kinyume. Uwanja wa taifa wamejenga banda la vigae kulihifadhi gari lenye waranti ya milele, na watoto wa shule hupelekwa kuliimbia. Gari hilo lilivuka geti la kiwanda kwa kusukumwa, halijawahi kuwaka.

Siku chache baadaye lilikutana Baraza la Kulinganisha. Baraza hili hukaa kila mwaka kujibu swali moja: je, magari ya leo ni bora kuliko ya babu zetu? Kila mwaka jibu huwa ndiyo, na watu hupenda kulisikia. Mbaruku akanipeleka, na Kidawa akasisitiza kuja ingawa miguu ilikuwa imemvimba.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Bwana Kitwana, Msajili Mkuu wa Mapumziko, mtu mrefu mwenye joho. Alifika kwa baiskeli, pindo la suruali limebanwa kwa kibanio cha nguo. Nikamsogelea kwa adabu.

"Mheshimiwa hana gari?"

"Ninalo," akasema. "La miaka arobaini."

"Mbona umekuja na baiskeli?"

"Leo nina haraka."

"Na baiskeli nayo ina waranti?"

"Ya nini? Inatembea."

Aliyasema hayo bila hata chembe ya tabasamu, na waliokuwa karibu wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nikajifanya nakohoa.

Hotuba yake ilikuwa fupi. Babu zetu walipewa mwaka mmoja, akasema, sisi tunapewa ishirini; aliyesoma hesabu na aifanye mwenyewe. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mjumbe mmoja akaomba kujua waranti hizi zinahusu nini hasa. Bwana Kitwana akamjibu kwamba zinahusu gari zima, isipokuwa sehemu zinazogusana na sehemu nyingine. Usukani je? Usukani umo kikamilifu, mradi haujashikwa. Magurudumu? Yamo, yakiwa hayagusi ardhi. Mjumbe akashukuru sana, akaketi, akaandika.

Ndipo Kidawa akasimama. Alishika kiti cha mbele kwa mkono mmoja na kiuno kwa mwingine.

"Mimi ni mke wa Mbaruku wa Miaka Ishirini," akasema. "Gari letu lilikuja na mwaka mmoja, na kila liliposimama mkatuongezea. Mtaani kwetu yuko mtu ambaye gari lake halikusimama hata siku moja. Waranti yake ikaisha bila kuongezwa kitu. Leo mnamwita Sifuri, na gari lake mmelikataza barabara kuu eti linatia aibu. Mimi sina elimu ya hapa ndani. Nauliza tu, gari bora ni lipi? Lake au letu?"

Kwa muda nikadhani nchi ile imepona. Mbaruku alikuwa amejikunja kitini kana kwamba anatafuta kiatu. Bwana Kitwana akasafisha koo.

"Bibi, wewe huwa unapanda gari?"

"Ninapanda."

"Basi una maslahi katika jambo hili. Swali kuhusu magari linapaswa kuulizwa na mtu asiyeyatumia."

Makofi tena, marefu kuliko ya kwanza. Wakapiga kura: magari yameboreka. Njia nzima ya kurudi Mbaruku alilalamika kwamba mkewe amemharibia uchaguzi.

Uchungu ulimshika Kidawa asubuhi moja tukinywa chai. Mbaruku alikimbia huku na huko, akaangusha birika, akaita majirani. Gari likasukumwa, likakohoa, likawaka. Kidawa akalala kiti cha nyuma na mkoba wa nguo za mtoto, mimi nikakaa pembeni yake, Mbaruku akatoa kichwa dirishani, tukaenda. Lilikwenda vizuri. Hata mimi nikaanza kuona haya kwa mawazo yangu. Tukaanza kupanda Kilima cha Matofali, na katikati ya mwinuko gari likatetemeka, likanyamaza kabisa.

"Hapa hapa," akasema Kidawa. "Palepale pa siku ile."

Sheria inasema dereva atoe kitambaa cha kijani dirishani amsubiri Msajili. Siwezi kumsengenya Bwana Kitwana kwa uchelewaji. Baiskeli ile ni kiboko. Akafika na joho lake, kopo la gundi mkononi.

"Hongera sana, Mbaruku!" akasema. "Hongera, bibi! Pumziko la safari ya hospitali, hili halitapungua miaka kumi na tano. Maswali machache tu. Gari lilikuwa linafanya nini?"

"Linapanda mlima," akasema Mbaruku.

"Kupanda! Hayo si matumizi ya kawaida. Tuseme lilikuwa linashuka kwa kurudi nyuma. Na waliomo?"

"Mimi, mgeni wangu na mke wangu."

"Na aliyemo tumboni, tumwandike abiria au mzigo? Maana akiwa mzigo, ni mzigo wa ndani ya abiria, na hapo kuna maelekezo mawili yanayopingana."

Kidawa akapiga kelele, na haikuwa kelele ya kujibu swali. Ebo! Damu ikanipanda mpaka masikioni. Nikateremka, nikamwambia Msajili Mkuu maneno ambayo nisingependa mama yangu ayasikie, kisha nikaenda mbele ya gari.

"Usiguse!" akasema Bwana Kitwana. "Ukifungua boneti, miaka yote ishirini inakufa. Watakuwa Sifuri. Hawatagombea, hawataegesha kivulini, hakuna atakayewaamkia."

Mbaruku aliruka nje, akanitangulia, akapanda akaketi juu ya boneti, mikono ameitandaza.

"Kaka Shomari, nakusihi! Miaka ishirini! Unajua tumeipataje? Ngoja kidogo, labda litaamka lenyewe, mara nyingine huwa linaamka!"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kidawa alishuka taratibu akishikilia mlango, jasho linamtiririka, mkoba wake ukaanguka njiani asiujali. Akaja mpaka mbele ya mumewe.

"Mbaruku," akasema, "siku ile nilirudi nyumbani maziwa yananimwagika kifuani na sina wa kumnyonyesha. Wewe ukaingia mbio na karatasi, ukasema, 'Mke wangu, wametupa kumi!' Sikukujibu. Leo nakujibu. Shuka."

Mbaruku alimtazama. Kisha akateleza chini ya boneti, akasimama pembeni na mikono imening'inia.

Nikafungua. Bwana Kitwana akajifunika uso kwa joho. Mimi si fundi, na pale halikuhitajika fundi. Waya wa betri ulikuwa umelegea, kichwa chake kimeota ukungu mweupe, ukiugusa unacheza. Dereva yeyote wa lori angeuona akiwa amefumba jicho moja. Kidawa akanipa kanga yake ya juu, nikafuta ule uchafu, nikaurudisha waya mahali pake, nikaokota tofali njiani nikaugonga ukakaa. Nikamwambia Mbaruku awashe. Likawaka mara moja.

"Ni hiyo tu?" akauliza Kidawa.

"Ni hiyo tu, shemeji."

"Na siku ile?"

Nikatazama ule ukungu kwenye kanga, tabaka juu ya tabaka, mkavu kama chokaa ya zamani. Nilitamani kumdanganya. Sikuweza.

"Naona ilikuwa hiyo hiyo," nikasema.

Mbaruku alilisikia hilo akiwa ameshika usukani, akainamisha kichwa mpaka paji likagusa honi, na honi ikalia muda mrefu. Kidawa hakupiga kelele. Alilia mdomo umefungwa, akiutazama ule waya, mpaka maumivu yalipomrudia akaingia garini.

"Endesha," akamwambia mumewe.

Kabla hatujaondoka Bwana Kitwana alitimiza wajibu wake, akabandua karatasi zote kwenye kioo, moja baada ya nyingine, akizikunja kwa heshima kama sanda. Mbaruku akajikuta anaona barabara. Aliingiza kichwa ndani, akakanyaga mafuta, tukavuka kilima.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, ana sauti ya kuuza samaki. Nilikuwa nje ya mlango nikaisikia, nami mzee mzima nikalia, wala sioni haya. Waliponiruhusu kuingia nilimkuta Mbaruku amempakata binti, na Kidawa amelala na macho wazi.

Mchana Bwana Kitwana akaingia kwa adabu, amevua kofia, akatusomea uamuzi wa ofisi yake. Kwa kuwa gari lenye waranti haliharibiki, haliwezi kutengenezwa. Na kwa kuwa haliwezi kutengenezwa, halikutengenezwa. Basi kisheria bado limepumzika kilimani, na bibi Kidawa bado yumo ndani yake, hajajifungua. Hata hivyo serikali ina huruma. Mbaruku akikubali kuulegeza waya tena na kulirudisha gari pale lilipokuwa, atapewa waranti ya miaka hamsini, itakayorithiwa na mtoto huyu pindi atakapozaliwa. Akamkabidhi karatasi. Ilikuwa nene, nyeupe, ina muhuri wa dhahabu.

Mbaruku akaishika kwa mkono mmoja, binti yuko kwenye mkono wa pili. Aliisoma mwanzo mpaka mwisho. Akairudia. Niliona midomo yake ikitamka "hamsini" bila sauti. Kidawa alimtazama.

Binti naye hakusubiri. Akajikaza, akawa mwekundu, akamwagia baba yake choo chake cha kwanza, kile cheusi kinachonata kama lami, mkononi mpaka kwenye kiwiko.

"Mfute mwanao," akasema Kidawa.

Mbaruku akatazama huku na huku. Mkoba wa nguo ulikuwa umebaki kilimani. Kanga ilikuwa imeliwa na uchafu wa betri. Akamtazama Msajili Mkuu wa Mapumziko, akaitazama ile miaka hamsini, kisha akaikunja mara mbili upande ulio laini, akamgeuza binti taratibu, akaanza kumfuta.

Nilikaa Dhamanani siku nyingi, nikaona waranti za kila namna. Hiyo ndiyo pekee niliyoiona ikifanya kazi.